Urefu wa Waya na Maana Mbili za Neno "Kasi"

Neno "kasi" hutumika kwa mambo mawili ambayo hayana budi kutengwa inapozungumzwa habari ya waya uunganishao kompyuta na diski ya nje. La kwanza ni mwendo wa ishara ndani ya waya. La pili ni wingi wa data ifikayo katika sekunde moja. Wengi huyachanganya, wakadhani ya kuwa waya wa mita mbili hupunguza kasi kwa nusu ya ule wa mita moja.

Sivyo. Ishara hupita katika waya wa shaba kwa mwendo wa kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Mita moja huchukua takriban sehemu tano za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Tena biti hufuatana bila kungojana, mfano wa matofali yapokezanwayo na safu ya waashi: safu ikirefushwa, tofali la kwanza hukawia, lakini idadi ifikayo kwa saa haipungui.

Dhara la urefu liko kwingine. Ishara hufifia kadiri iendavyo, na ile ibadilikayo upesi hufifia zaidi. Mpokeaji asipoweza kutambua moja na sifuri, data hurudiwa, na hapo ndipo wingi hupungua. Pengine muunganisho hushuka daraja, au hukatika kabisa. Aidha, waya mrefu na mwembamba hupunguza umeme uendao kwenye diski.

Ndiyo sababu kila daraja lina mpaka wake. USB 2.0, ya mwaka 2000, hupitisha megabiti 480 kwa sekunde, na waya wake hauzidi mita 5, kwa kuwa kompyuta hungoja jibu kwa muda maalumu tu. USB 3.0, ya mwaka 2008, hupitisha gigabiti 5, na kwa kawaida waya wake hauzidi mita 3.

Ndani ya mipaka hiyo, kufupisha waya hakuongezi kitu. Mara nyingi diski yenyewe izungukayo ndiyo ichelewayo. Nje ya mipaka, hatari si kuchelewa tu: muunganisho ukikatika wakati sauti za wazee au picha za miswada zinanakiliwa, nakala hubaki pungufu. Basi ingefaa "mwendo" liachiwe ishara, na "kasi" itumike kwa wingi wa data, ili mnunuzi wa waya ajue anachokitafuta.