Mashine Inavyoandika Namba: Somo la Mamoja, Makumi na Mamia

Mwanafunzi akiambiwa aandike "mia tano na saba", huenda akaandika 5007, au 57. Tusiharakishe kumwona mzito. Huyo bado hajaelewa kazi ya nafasi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kompyuta inavyoikabili kazi hiyohiyo, na jinsi mwalimu awezavyo kuitumia njia yake, hata shuleni pasipo na kompyuta.

Tuseme ghala la mpunga hapa Dakawa lina magunia 507. Ndani ya mashine idadi hiyo huhifadhiwa kwa moja na sifuri tu: 111111011. Zipo lugha za programu zenye amri ya kuiandika mara moja ikasomeka. Lakini katika lugha iliyo karibu na mashine yenyewe, mtunga programu hana budi kuzitoa tarakimu mojamoja, hivi:

1. Gawanya namba kwa 10, utunze baki. 507 hutoa 50, baki 7.

2. Rudia kwa jawabu lililopatikana, mpaka jawabu liwe 0. 50 hutoa 5, baki 0. 5 hutoa 0, baki 5. Kugawanya kutangulie, kukagua kufuate. La sivyo ghala tupu halitaandikiwa hata 0.

3. Kila baki liongezee 48. Katika orodha ya alama iitwayo ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, alama ya "0" ina namba 48, "1" ina 49, na kuendelea hadi "9" yenye 57.

4. Tarakimu zimetoka kinyume: 7, 0, 5. Kwa hiyo zipangwe kuanzia kulia. Safu ikiwa na nafasi tano, mbili za kushoto huachwa tupu, ili mamoja yakae chini ya mamoja.

Darasani, hatua ya tatu iachwe. Panga viti vitano mbele ya ubao, na wanafunzi kumi washike kadi za 0 hadi 9. Mmoja agawanye ubaoni. Kila baki likitajwa, mwenye kadi yake akae, kuanzia kiti cha kulia kwa watazamaji.

Kisha mwondoe mwenye sifuri, na mwenye 5 asogee mahali pake. Darasa lisome: 57. Waulize magunia 450 yamekwenda wapi, ilhali hakuna aliyeyaiba. Wakilijibu swali hilo kwa maneno yao wenyewe, somo limefika.