Ushabiki wa Riwaya za Fantasia na Kipato cha Mwandishi

Makala haya yanafafanua jinsi ushabiki unavyoathiri kipato cha mwandishi wa riwaya za fantasia. Kwa kawaida, mchapishaji humpa mwandishi malipo ya awali, kisha huyafidia kutokana na mrabaha wa nakala zinazouzwa. Mpaka kiasi hicho kifidiwe chote, mwandishi hapati mrabaha mwingine. Utaratibu huu huwa mgumu zaidi katika fantasia kwa kuwa hadithi moja aghalabu huenea katika juzuu nyingi. Wapo mashabiki wanaosubiri mfululizo ukamilike ndipo wanunue. Ilhali juzuu ya kwanza isipouzwa, mchapishaji huweza kusitisha zinazofuata. Hivyo, subira ya msomaji huweza kuiua hadithi anayoisubiri.

Brandon Sanderson, Mmarekani aliyechapisha riwaya yake ya kwanza mwaka 2005, alidhihirisha upande wa pili. Machi 2022 aliwaomba wasomaji wagharimie riwaya nne kupitia Kickstarter. Lengo lilikuwa dola milioni 1. Watu zaidi ya 185,000 walichangia zaidi ya dola milioni 41. Hapa msomaji alilipa kabla ya kitabu kuchapwa, na hofu ya hasara ikamwondokea mwandishi. Hata hivyo, imani hiyo ilikuwa imejengwa kwa takribani miaka 17, hasa kwa vitabu vilivyotolewa na wachapishaji. Kwa mwandishi chipukizi, basi, mfano huu si njia ya mkato ya kumkwepa mchapishaji. Ni ushahidi kwamba ushabiki ni mtaji unaotangulia fedha.