Banda la Zana Uani Nalo ni Sehemu ya Nyumba

Gereji za magari ni chache hapa Mafia. Walio wengi tuna banda la uani, la makuti au la bati, na ndani yake mmejaa kila kitu: tezo ya baba watoto, msumeno, nyavu, dumu la petroli ya mashine ya boti, makopo ya rangi, baiskeli isiyo na gurudumu, na pembeni kuku anayeatamia. Akina mama wengi huishia mlangoni tu. Husema, "Hayo ni mambo ya baba." Sisi twaona sivyo. Humo bandani ndimo unamotoka unga wa nyumba, na sare za watoto, na nauli ya kwenda kumwona mgonjwa Dar es Salaam.

Chukua fundi wa majahazi wa Chole au Jibondo. Zana zake ni za mkono: shoka, tezo, msumeno, randa, patasi, nyundo, keekee ile inayozungushwa kwa upinde na kamba, na vyuma vya kukalafatia, vya kushindilia pamba katikati ya mbao. Vyote vyaingia katika kikapu kimoja kikubwa, na kwa hivyo hutokea chombo kizima cha kwenda baharini. Lakini kimoja kikipotea, kazi husimama. Maduka ya Kilindoni yaweza yasiwe nacho, na hapo ni kungoja kije kwa chombo kutoka Nyamisati au Dar es Salaam. Tena tezo nzuri iliyozoea mkono wa mwenyewe, mara nyingine iliyoachwa na babu, haina duka.

Hapa kisiwani zana huharibika zaidi zikiwa zimelala kuliko zikiwa kazini. Sababu ni chumvi. Upepo wa bahari huileta, nayo hutua juu ya chuma kama vumbi lisiloonekana. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu wa hewani, ndiyo maana hata siku isiyo na mvua chuma chaweza kuwa na majimaji, na kutu ikaanza. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mambo huwa mabaya zaidi. Sakafu ya udongo au ya saruji hupandisha unyevu. Msumeno uliolazwa chini wiki mbili huwa mwekundu. Vumbi la mbao nalo hunyonya maji na kuyashika, basi patasi iliyozikwa ndani yake haiko salama hata kidogo.

Kwa hiyo kanuni yetu ni hii: cha chuma kisiguse chini, na kisilale kikiwa na chumvi.

Mpenzi msomaji, usiende kulipanga banda peke yako mwenyewe akiwa kazini. Tumeona ugomvi mkubwa ukizaliwa na nia njema ya namna hiyo. Fundi huijua zana yake kwa mkono, hata gizani, na ukimhamishia patasi umemhamishia vidole. Chagueni siku moja kavu, tandikeni jamvi uani, toeni vyote nje, naye aseme kipi hukishika kila siku, kipi kwa mwezi, na kipi hakijaguswa tangu mtoto wa kwanza azaliwe. Vya kila siku vikae karibu na mlango, usawa wa mkono wa mtu mzima. Hivyo vya mwisho viuzwe au vitupwe. Hapo akina baba huwa wagumu, vumilieni.

Zana zenye kutu zisuguliwe kwa makumbi na mchanga laini wenye mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Zipanguswe, kisha zipakwe mafuta ya cherehani au ya injini, kwa kitambaa, kiasi cha kung'aa tu. Mafuta ya nazi yafaa kwa siku chache ukikosa mengine, ila huchacha na kuita sisimizi. Zikitoka pwani zioshwe kwanza kwa maji baridi na kukaushwa. Jibondo, ambako maji baridi ni ya shida, kitambaa kilicholowa vizuri chatosha.

Sasa mahali pa kuziweka. Rafu za duka hatuzihitaji. Tanga lililochakaa ni kitambaa kigumu kuliko vingi vya dukani. Likate kipande, ukunje upande wa chini, ushone mistari ya kusimama uone mifuko: mmoja wa patasi, mmoja wa tupa, mmoja wa bisibisi. Kazi ya saa moja kwa cherehani. Kitundike ukutani kwa kamba ya usumba, na fundi akisafiri hukikunja na kukibeba begani. Msumeno nao utundikwe kwenye boriti, meno yake yakiwa ndani ya mwanzi uliopasuliwa. Tezo na shoka viwe juu, makali yameelekezwa ukutani na kuvalishwa kipande cha mpira wa baiskeli. Misumari na ndoana ziwe katika chupa za kioo zenye vifuniko, upate kuona kilichomo bila kumwaga vyote.

Nyavu zina adui wawili wengine: jua na panya. Jua kali hudhoofisha nailoni, na panya hufuata harufu ya samaki. Zioshwe, zianikwe kivulini, zitundikwe juu kabisa.

Petroli na mafuta ya taa

Hapa hatuna mzaha. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kufika kwenye mafiga bila kuonekana. Dumu likae kivulini mahali penye upepo, mbali na jiko na mbali na chumba cha kulala. Na mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ile siku ya sikukuu ilikuwa na kitu kitamu. Akinywa, asitapishwe, kwa kuwa mafuta yakirudi yaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali ya Kilindoni mara moja, pamoja na ile chupa.

Daftari

Limebaki jambo ambalo watu huona aibu kulisema. Zana huazimwa. Leo keekee iko kwa shemeji, kesho randa iko ng'ambo ya maji, na aliyejua ni baba peke yake. Akifariki, mjane hujikuta hajui cha kudai wala pa kukidai, na kabla arobaini haijaisha kikapu kimebaki na nyundo. Tunajua nyumba zaidi ya moja zilizofikwa na hayo. Mtoto wa kiume aliyekuwa tayari kurithi ufundi hubaki mikono mitupu.

Wala mke asidhani anajiingiza pasipomhusu. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Kesi hiyo ilikuwa ya talaka, lakini yafaa kila mama aifahamu. Anayeosha, anayepaka mafuta na kushona mifuko ya zana anatunza mali ya nyumba yake.

Basi nunua daftari dogo la shule. Andikeni pamoja, wewe na mumeo, kila zana kwa jina lake na alama yake. Alama yaweza kuwa mkato mpini au rangi. Ukurasa wa nyuma uwe wa kuazima: nani, nini, siku gani, imerudi lini. Mkubwa wa watoto ajue liliko. Na lisikae bandani, maana huko kuna mchwa. Liwekwe ndani, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.