Michezo ya Kompyuta Inayoongozwa na Mawimbi ya Ubongo

Soma habari ifuatayo kisha jibu maswali.

Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu unaopanda na kushuka kama mawimbi. Mwaka 1929 daktari Mjerumani, Hans Berger, alichapisha vipimo vya mawimbi hayo vilivyochukuliwa kichwani mwa binadamu. Mtu akifumba macho na kutulia, mawimbi ya alfa, yenye mapigo 8 hadi 13 kwa sekunde, huongezeka. Akifumbua macho, hupungua.

Tuseme mwanafunzi wa Kibiti anasanifu mchezo wa mtumbwi unaopita kwenye mikoko ya delta ya Rufiji. Mchezaji hufumba macho na kusikiliza sauti ya kasia. Vifaa vilivyogusishwa kichwani hupima umeme, kisha programu huulinganisha na kipimo kilichochukuliwa kabla ya mchezo, kwani watu hawalingani. Alfa ikizidi, mtumbwi husonga, ikipungua, husimama.

Ugumu upo. Kukaza taya hutoa umeme mkubwa kuliko wa ubongo. Usipochujwa, mchezaji atashinda kwa kuuma meno tu! Tena, kifaa hakisomi mawazo. Hupima mapigo tu. Hata hivyo, mtu aliyepooza mikono naye anaweza kucheza. Vipimo hivyo ni siri yake, visihifadhiwe bila ridhaa yake.

Maswali
1. Kwa nini kipimo huchukuliwa kabla ya mchezo?
2. Kwa nini mchezo huu hutumia sauti badala ya picha?
3. Eleza madhara ya kutochuja umeme wa taya.