Kura ya kijana hupotea kabla ya foleni

Mwaka 2013, Wakenya 86 kati ya kila 100 waliokuwa kwenye sajili walipiga kura. Mwaka 2022 walibaki 65 hivi. Idadi ikishuka namna hiyo, maelezo huwa tayari: vijana hawajali, wanashinda kwenye simu, siasa wamewaachia wazee. Maelezo hayo yana kasoro moja kubwa. Hayatuambii kwa nini kijana wa Sydney huenda kupiga kura na mwenzake wa Chicago mara nyingi haendi, ilhali wote wawili wana simu mkononi kutwa kucha.

Kwanza tukubaliane tunahesabu nini. Asilimia tunayosomewa Afrika Mashariki hupatikana kwa kugawanya kura zilizopigwa kwa idadi ya waliojiandikisha. Aliyetimiza miaka 18 asijiandikishe hayumo kabisa kwenye hesabu, wala hahesabiwi kuwa mtoro. Wataalamu wa Marekani hugawanya kwa watu wote wenye haki ya kupiga kura, walioko kwenye sajili na wasiokuwepo. Kwa hiyo asilimia 66 ya Marekani mwaka 2020, ambayo ilikuwa ya juu kuliko zote tangu 1900, haiwezi kupangwa sako kwa bako na 65 ya Kenya. Kwa kipimo cha Wamarekani, Kenya ingeshuka zaidi.

Wala asilimia kubwa peke yake haithibitishi kwamba wananchi walikuwa na chaguo. Rwanda ilitangaza asilimia 98 mwaka 2024, na mshindi akapata zaidi ya asilimia 99 ya kura. Tanzania ilitangaza takriban 87 mwaka 2025, wakati kiongozi wa chama kikuu cha upinzani yuko kizuizini, na waangalizi wa Umoja wa Afrika wakasema uchaguzi huo haukutimiza kanuni za umoja.

Tukishaliweka hilo sawa, tofauti kubwa kati ya nchi na nchi hutokana na mambo matatu: usumbufu ulio kati ya raia na karatasi ya kura, uzito wa kura yenyewe, na mazoea.

Tuanze na usumbufu. Nchini Sweden raia hajiandikishi. Serikali hutoa majina kwenye rejista ya wakazi na kumtumia kila mpiga kura kadi nyumbani kwake, kisha uchaguzi hufanyika Jumapili. Mwaka 2022 walijitokeza asilimia 84. Katika majimbo mengi ya Marekani ni juu ya mwananchi kujiandikisha, na akihama hana budi kuanza upya. Uchaguzi nao hufanyika Jumanne, siku ya kazi, kwa mujibu wa sheria ya 1845 iliyotungwa kwa ajili ya wakulima waliosafiri kwa farasi.

Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi na kuifanya kura kuwa wajibu wa kisheria. Australia ilipitisha sheria hiyo mwaka 1924. Katika uchaguzi wa 1922 walikuwa wamejitokeza chini ya asilimia 60. Uliofuata, wa 1925, walizidi 91. Hadi leo asiyepiga kura ya kitaifa huandikiwa barua atoe sababu, na akikosa sababu ya maana hulipa faini ya dola 20 za nchi hiyo. Ni faini ndogo, lakini inatosha. Uholanzi ilikwenda kinyume: ilifuta ulazima mwaka 1970, na idadi ikaanguka kutoka 95 hadi 79 kwa uchaguzi mmoja tu.

Chile inafundisha zaidi. Mwaka 2012 iliwaingiza raia wote kwenye sajili moja kwa moja, na papo hapo ikaifanya kura kuwa ya hiari. Matarajio yalikuwa kwamba watu wangeongezeka. Wakapungua. Duru ya pili ya urais ya 2021 ilipata asilimia 56 tu. Septemba 2022, ulazima uliporudishwa katika kura ya maoni ya katiba, walifika 86. Kumbe kumwondolea mtu usumbufu hakutoshi kama hana cha kumsukuma.

Hapo ndipo unapoingia uzito wa kura. Tuna mfano wetu ambao hauhitaji mtaalamu kutoka mbali. Agosti 2017 Wakenya waliojitokeza walikaribia asilimia 80. Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais, Raila Odinga akajiondoa kwenye marudio, na Oktoba hawakufika hata 40. Katika kaunti nne za Nyanza vituo vingi havikufunguliwa. Sajili ilikuwa ile ile na wananchi wale wale. Uvivu hauwezi kuenea nchi nzima kwa miezi miwili. Kilichobadilika ni imani kwamba kura itaamua jambo. Tanzania nayo ilipata takriban asilimia 43 mwaka 2010, kisha 67 mwaka 2015, pale Edward Lowassa alipohama CCM na kusimama dhidi ya John Magufuli na ushindani ukapamba moto.

Kura zikizidi pia huchosha. Waswisi huitwa kupiga kura hadi mara nne kwa mwaka, na bahasha huwafikia nyumbani wiki kadhaa kabla. Hata hivyo, uchaguzi wao wa bunge huvuta chini ya nusu ya wapiga kura, kwa sababu mambo mengi mazito huamuliwa katika kura za maoni.

Sasa tuje kwa vijana. Karibu kila mahali wanajitokeza kwa uchache kuliko wazee. Mwaka 2020 Wamarekani wa miaka 18 hadi 24 waliopiga kura walikuwa asilimia 51. Wa miaka 65 hadi 74 walikuwa 76. Lakini ujana si kitu kimoja. Watafiti Yosef Bhatti na Kasper Hansen walichunguza rekodi za kura za Denmark wakakuta jambo la kushangaza: wenye miaka 18 hupiga kura kuliko wenye 19 na 20. Wa miaka 18 bado wako kwa wazazi, na wazazi wakiondoka kwenda kituoni, kijana hufuatana nao. Akihamia mjini, msukumo huo unakatika.

Kwetu kuhama huko kuna gharama zaidi. Mchukue msichana wa miaka 19 aliyekulia Lodwar na sasa anasoma Eldoret. Ili ajiandikishe anahitaji kitambulisho cha taifa au pasipoti. Ile karatasi ya kusubiria kitambulisho haikubaliki. Kitambulisho aliombea nyumbani na huenda bado kiko huko. Akikipata, amfuate karani wa tume ya uchaguzi, IEBC, achukuliwe alama za vidole, na achague kituo. Kuanzia hapo atapiga kura kwenye kituo hicho tu. Akichagua Lodwar, siku ya uchaguzi atafute nauli. Akichagua Eldoret na chuo kifungwe Agosti, mambo ni yale yale. Anaweza kuomba ahamishwe, lakini lazima ajitokeze mwenyewe kabla sajili haijafungwa. Babu yake alijiandikisha zamani, hajahama, na kituo chake ni shule ya msingi iliyo jirani. Tunawalinganisha hawa wawili kisha tunasema mmoja hajali.

Takwimu za IEBC zinaonyesha palipo na tobo. Katika kampeni ya usajili ya Oktoba 2021 tume ililenga wapiga kura wapya milioni 6. Walipatikana milioni 1.5 hivi. Sajili ya 2022 ilikuwa na zaidi ya watu milioni 22, na wa miaka 18 hadi 34 hawakutimia asilimia 40. Idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017. Miaka miwili baadaye, Juni 2024, vijana wa rika hilo hilo walijaza barabara za Nairobi, Mombasa, Kisumu na Eldoret kupinga Muswada wa Fedha. Aliyewaona pale hawezi kusema siasa haziwahusu.

La tatu ni mazoea, na hapa wahenga na watafiti wanakubaliana: samaki mkunje angali mbichi. Anayepiga kura mara ya kwanza ana uwezekano mkubwa wa kurudi, na anayezikosa chaguzi za mwanzo huzoea kuzikosa. Austria ililizingatia hilo mwaka 2007 ilipoteremsha umri hadi miaka 16, ili kura ya kwanza ipigwe kijana akiwa bado nyumbani na shuleni. Utafiti uliofuata uliona wa miaka 16 na 17 hawajitokezi kwa uchache kuliko wa 18 hadi 20.

Macho ya watu nayo yana nguvu. Mwaka 2006 katika jimbo la Michigan, Alan Gerber, Donald Green na Christopher Larimer walituma barua kwa maelfu ya nyumba. Kundi moja lilipata barua yenye orodha ya majirani, nani alipiga kura chaguzi zilizopita na nani hakupiga, na ahadi kwamba orodha mpya ingekuja baada ya uchaguzi. Wasioandikiwa walijitokeza takriban 30 kati ya 100. Walioandikiwa barua hiyo, 38. Sipendekezi tuanikane hivyo. Jaribio hilo linatuonyesha tu kwamba mtu huenda kituoni kwa sababu wenziwe wanakwenda, na kijana aliyehamia mtaa ambako hajuani na mtu hana wa kumwuliza.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, 10 Agosti 2027. Anayetaka vijana wajitokeze ana kazi ya kufanya mapema: vitambulisho vitolewe kabla wanafunzi hawajaondoka sekondari, anayechukua kitambulisho ajiandikishe kwenye dirisha hilo hilo, na anayehamia chuo ahamishiwe kituo bila kuzungushwa. Tume nayo, inapotangaza asilimia ya waliojitokeza, iseme pia ni raia wangapi wenye miaka 18 na zaidi walikuwa nje ya sajili, na wa umri gani. Bila takwimu hiyo, lawama kwa vijana ni hukumu iliyotolewa kabla ya ushahidi.