Kombe la Sabuni

Sogeeni, wajukuu zangu, na huyo mwenye mpira auweke chini kidogo. Najua mna haraka ya kurudi kwenye chandimu, lakini hadithi hii nayo ni ya mpira, na ni ya kweli mwanzo mpaka mwisho.

Ninyi mnaijua Senior Challenge. Mnajua Taifa Stars yetu ya Tanzania ikikutana na Harambee Stars ya Kenya au Cranes ya Uganda, hapa kwetu Nyangamara, mkoani Lindi, hata wasiopenda mpira huuliza matokeo. Mashindano hayo ni makongwe kuliko bendera za nchi zote tatu. Tarehe 1 Mei 1926, jijini Nairobi, timu ya Kenya na timu ya Uganda zilikutana, kipenga kikapulizwa, na dakika tisini zilipokwisha matokeo yalikuwa 1-1. Kombe moja, timu mbili, mshindi hakuna. Wakarudiana, Kenya ikashinda 2-1 na kulichukua. Kombe hilo liliitwa Kombe la Gossage.

Gossage ni nani? Hakuwa gavana wala mchezaji. William Gossage alikuwa mwanakemia wa Kiingereza aliyefungua kiwanda cha sabuni katika mji wa Widnes mwaka 1855. Wakati huo sabuni nyingi zilitengenezwa kwa mafuta ya wanyama, na Uingereza ilipoingia vitani na Urusi, mafuta hayo yakapanda bei. Gossage akaona njia. Alichanganya sabuni na silikati ya soda, ambayo hupatikana kwa kuyeyusha mchanga pamoja na magadi katika moto mkali. Kwa mchanganyiko huo mafuta yakahitajika kidogo, na nguo zikaendelea kutakata. Sabuni yake yenye mabakabaka ya buluu ilikuwa rahisi kwa bei, ikauzwa ng'ambo kwa wingi. Mwenyewe alifariki mwaka 1877, na hakuuona mpira wa kwetu hata siku moja. Kufikia 1926 kampuni yenye jina lake ilikuwa imeshanunuliwa na Lever Brothers, wale ambao baadaye waliungana na wenzao wa Uholanzi wakawa Unilever.

Muuza sabuni ana faida gani kutoa kombe? Fikirini duka la wakati ule. Miche ya sabuni imepangwa, kila mmoja una chapa yake, na mnunuzi anachagua. Jina analolisikia uwanjani, linalotajwa na maelfu ya watu wanaoshangilia, ndilo litakalomjia mdomoni akifika dukani. Leo mnaona majina ya benki na ya simu vifuani mwa wachezaji na hamshangai. Jambo lenyewe lilikuwa lile lile, ila zamani zile mfadhili alitaka jina lake likae kwenye kombe.

Tusisahau pia kwamba ule ulikuwa wakati wa ukoloni. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zote zilikuwa chini ya Waingereza. Michezo nayo ilitengwa kwa rangi: Wazungu walikuwa na klabu zao, Wahindi zao, Waafrika zao. Waafrika waliocheza Kombe la Gossage hawakulipwa mshahara wa mpira. Walikuwa watu wa kazi, na mpira waliucheza baada ya kazi. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu mimi naona kombe lilitolewa na muuza sabuni lakini thamani lilipewa na miguu ya watu hao.

Mataifa mengine nayo yalianza hivyo hivyo, kwa wawili kukubaliana. Huko Marekani wana mchezo wao unaoitwa besiboli. Mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwenzake anausubiri na gongo mkononi, akiupiga vizuri anatimua mbio kupitia vituo vinne kabla wapinzani hawajaurudisha. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa na ligi mbili kubwa zilizokuwa zikinyang'anyana wachezaji. Zilipopatana, mabingwa wao wakaamua kupimana ubavu. Oktoba 1903, Boston kutoka ligi moja na Pittsburgh kutoka ligi nyingine walikubaliana kwamba atakayetangulia kushinda mechi tano ndiye bingwa.

Pittsburgh ilianza kwa kishindo, ikaongoza kwa mechi tatu kwa moja. Lakini warushaji wake walikuwa taabani, mmoja bega limemuuma, mwingine anaumwa, hivyo mzigo ukamwangukia mtu mmoja, Deacon Phillippe. Katika mechi nane alirusha mechi tano, na zote tano alizimaliza mwenyewe. Alishinda tatu, akapoteza mbili, mkono umechoka. Boston ikashinda mechi nne mfululizo na kuwa bingwa kwa tano kwa tatu. Mwaka uliofuata bingwa wa ligi ile ya Pittsburgh, New York Giants, akakataa kucheza kabisa, na shindano halikufanyika. Lilirudi mwaka 1905 na linaendelea mpaka leo. Wale wa Boston na Pittsburgh walikuwa wachezaji wa kulipwa. Wetu wa Nairobi na Kampala hawakuwa hivyo. Ila hatari ilikuwa moja: shindano la wawili linaweza kufa mwaka wa pili, mmoja akinuna tu.

La kwetu halikufa. Waganda na Wakenya walipambana karibu kila mwaka, na si kwamba safari ilikuwa rahisi. Mwaka 1926 reli ilikuwa haijafika Kampala. Ilifika mwaka 1931. Njia ya kawaida ilikuwa kupanda meli Port Bell, kuvuka Ziwa Viktoria mpaka Kisumu, kisha kuchukua treni kupanda milima hadi Nairobi. Uganda iliizoea njia hiyo, na ikalizoea kombe. Ndiyo iliyolichukua mara nyingi kuliko timu nyingine yoyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kiwanda cha sabuni cha Widnes kilifungwa. Kombe lenye jina lake likaendelea kupokezanwa huku kwetu kama vile halikusikia habari hiyo.

Na Tanganyika je? Hapa ndipo ninapotaka mfungue masikio.

Mpira kwetu ulikuwepo. Dar es Salaam klabu tunayoiita leo Yanga ilianza mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikaanza ile tunayoiita Simba, ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland. Zanzibar walikuwa wakicheza zamani zaidi ya hapo. Lakini Tanganyika iliingia Kombe la Gossage mwaka 1945 tu, miaka kumi na tisa baada ya Kenya na Uganda kuanza. Wenzetu walikuwa wameshajuana, wameshafungana na kufungwa, wameshajifunza kulia na kurudi. Sisi tulikuwa wageni.

Tukakutana na Uganda. Tukalala 7-0.

Saba bila! Ninyi mkifungwa tatu na watoto wa kijiji cha pili mnakaa siku mbili hamsemeshani. Sasa chukueni saba, tena ugenini, tena siku ya kwanza nchi yenu kutajwa uwanjani. Wachezaji wetu wangeweza kusema mchezo huu una wenyewe, turudi zetu nyumbani. Na hakuna ambaye angewalaumu, maana hawakuwa na serikali yao ya kuwadai wala mshahara wa kupoteza. Walirudi mwaka uliofuata. Wakarudi tena mwaka mwingine. Kenya ikachukua mwaka 1946, Uganda ikachukua 1947 na 1948, na Tanganyika ikawa inakwenda tu, inacheza, inajifunza.

Mwaka 1949 Tanganyika ikachukua kombe.

Hesabuni wenyewe: kutoka saba bila mpaka ubingwa ni miaka minne. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kipigo kile alikuwa bado hajaingia darasa la kwanza walipoleta kombe. Na haikuwa bahati ya siku moja, maana mwaka 1950 walilichukua tena, na mwaka 1951 tena. Mara tatu mfululizo, mbele ya Uganda na Kenya, na mbele ya Zanzibar pia, ambayo ilijiunga mwaka ule ule wa 1949.

Sasa tazameni miaka hiyo kutoka huku kwetu Kusini. Hiyo ndiyo miaka ya ule mradi mkubwa wa karanga. Waulizeni wazee, watawaeleza. Waingereza walikuja Nachingwea na matrekta, wakajenga reli kutoka ufuoni kuelekea bara, wakasema watalima karanga za kupata mafuta ya kulisha Uingereza iliyochoka na vita. Walitumia mamilioni ya pauni. Ardhi ikawashinda, mvua zikawashinda, mashine zikavunjika, na Januari 1951 serikali yao ikatangaza kuachana na mpango ule. Reli yenyewe ikaja kung'olewa. Mradi wenye fedha zote zile ulianguka mwaka ule ule ambao vijana wasiolipwa walileta kombe la tatu. Nikiyaweka mambo haya mawili kando kando, huwa nashindwa kukaa kimya.

Msifikiri kwamba Lindi ilipata habari dakika ile ile kama leo. Redio ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na vijijini redio zilikuwa za kuhesabika. Mto Rufiji haukuwa na daraja; hili la Mkapa mnalopita kwenda Dar lilifunguliwa mwaka 2003. Masika yakikaza, barabara ilikuwa matope matupu. Habari ilikuja na meli iliyotia nanga Kilwa na Lindi, na mabaharia, na makarani waliosoma gazeti la Mambo Leo kwa sauti huku wengine wamewazunguka. Kutoka bandarini ikapanda huku juu kwa miguu, mdomo kwa mdomo.

Na habari yenyewe ilisema nini? Ilisema Tanganyika imeshinda. Hilo jina, wajukuu zangu, lilikuwa bado changa. Waingereza waliipa nchi hii jina la Tanganyika mwaka 1920, baada ya Wajerumani kuondoka. Kwa watu wengi lilikuwa jina la karatasi za kodi na mihuri ya ofisini. Mtu alijijua kwa ukoo wake, kwa kijiji chake, kwa dini yake. TANU, chama kilichokuja kudai uhuru, ilikuwa haijazaliwa. Ilizaliwa Julai 1954. Uhuru ulikuwa mbali, Desemba 1961. Lakini mwaka 1949 kulikuwa na watu kumi na mmoja uwanjani walioitwa Tanganyika, na mtu wa huku Kusini aliyesikia wameshinda aliweza kusema "tumeshinda" bila kumuuliza mtu ruhusa. Mimi naamini kwamba neno hilo dogo lilifanya kazi ambayo mihuri haikuiweza. Vitabu vya historia huanza na mikutano na hotuba, na ni sawa, lakini mimi nikiwahadithia nchi hii lazima nipitie uwanjani.

Kuhusu viatu, kwa kuwa nimewaona mkigombea ile jozi moja: wachezaji wengi wa zama hizo walicheza peku. Mwaka 1956 timu ya Uganda ilikwenda kuzuru Uingereza, na Waingereza walistaajabu kuona watu wanapiga gozi zito la ngozi kwa miguu mitupu. Gozi lile likilowa maji ya mvua lilikuwa zito maradufu. Kwa hiyo asiye na viatu asijifiche nyuma ya goli. Aingie acheze.

Baada ya 1951 Uganda na Kenya walilirudisha kombe kwao, wakalikalia miaka mingi, na mwaka 1960 wakagawana. Sisi tulisubiri mpaka tukawa huru. Mwaka 1964, mwaka wa Muungano, tulilichukua tena, na 1965 tukalichukua tukiwa na jina jipya la Tanzania. Kenya ilishinda mwaka 1966, na huo ukawa mwaka wa mwisho wa jina la Gossage. Mwaka 1967 lilianza kuitwa Kombe la Changamoto la Afrika Mashariki na Kati, maana nchi zilikuwa huru na hazikuwa na sababu ya kucheza kwa jina la sabuni. Mwaka 1973 CECAFA, shirikisho la mpira la Afrika Mashariki na Kati, likalichukua, ndiyo Senior Challenge mnayoijua.

Fainali ya kwanza ya CECAFA ilichezwa Kampala, na Uganda ikaifunga Tanzania 2-1. Mwaka uliofuata, 1974, fainali ikaja Dar es Salaam, na waliokutana ni hao hao, Tanzania na Uganda. Zikatoka sare. Wakaenda kwenye mikwaju ya penalti, na Tanzania ikashinda.