Je, Wajua? Hazina ya Sanga si shaba tu

Mashariki ya Base ya Kamina (kambi ya kijeshi), kando ya Ziwa Kisale katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wataalamu waliofukua makaburi ya kale ya Sanga mwaka 1957 na 1958 walikuta vyungu, mapambo na misalaba ya shaba. Thamani ya hazina hiyo haimo katika madini tu. Kwa kuipima misalaba hiyo na kuangalia ilivyowekwa kaburini, wachunguzi waligundua kwamba kadiri karne zilivyopita ilipungua ukubwa na kulingana zaidi, dalili kubwa kuwa ilikwisha kuwa pesa. Watu husema anayechimbua msalaba mmoja kwa kujifurahisha hadhuru kitu. Anadhuru sana: msalaba ukishang’olewa kaburini, hauelezi tena ni wa enzi gani. Ukiuona, uache palepale, uwaarifu wazee wa kijiji.